Pikapu Kuukuu na Historia Yake: Kutoka Soko la Madina Hadi Kamembe

Bismillahir Rahmanir Rahim



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Amma baad.

Hapa kwetu Rusizi, familia ikijaaliwa riziki kidogo, baada ya nyumba na karo za watoto kinachozungumzwa ni gari. Na gari lenyewe mara nyingi ni pikapu, ile tunayoiita kamyoneti. Itabeba simenti, itateremka Bugarama kuleta mchele, itapeleka sufuria na viti kwenye walima, na siku nyingine itabeba jeneza hadi makaburini. Ndugu wawili watatu huchangishana, mama hutoa akiba ya kikundi, na mjomba hukopesha kilichobaki. Kwa fedha hizo hununuliwa gari lenye umri wa miaka 20 au 30, lililokwisha pita mikononi mwa watu wengi.

Wengi wetu hulinunua kwa kutazama rangi na kusikiliza injini. Tukiambiwa tuulize karatasi za ukaguzi za miaka iliyopita, tunaona ni mambo ya polisi na ya ofisini, hayahusiani na dini wala na biashara. Makala hii inataka kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba kuchunguza kitu kabla ya kukinunua, na kuitangaza aibu yake kabla ya kukiuza, ni jambo la zamani sana katika Uislamu. Karatasi ya kontroli tekiniki ni mpya, lakini kazi yake ni kongwe.

Soko la Madina

Tuanze mwanzoni. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule akasema kwamba mvua imeinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kudanganya hayuko pamoja naye.

Ndugu msomaji, zingatia mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, Mtume (S.A.W.) hakutosheka na sura ya juu, bali aliingiza mkono. La pili, muuzaji hakulaumiwa kwa kuwa mali yake imenyeshewa. Mvua ni ya Allah. Alilaumiwa kwa kuificha. Pikapu ya miaka 25 lazima iwe na kasoro, na wala si dhambi kuiuza. Dhambi ni kupaka rangi juu ya kutu na kunyamaza.

Kisa cha pili kimo katika Musnad ya Imam Ahmad. Abu Siba' alinunua ngamia jike nyumbani kwa Swahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.). Alipokuwa akiondoka naye, Wathila akamfuata mbio huku nguo yake ikiburura, akamuuliza kama amebainishiwa hali ya mnyama yule. Mnunuzi akajibu kwamba amenona na anaonekana mzima. Wathila akauliza tena: unamtaka kwa safari au kwa nyama? Akasema anataka kwenda naye Hija. Hapo Wathila akamwambia kwamba ngamia huyo ana tundu kwenye wayo. Aliyemuuza akakasirika, akaona anaharibiwa biashara. Wathila akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): si halali kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, wala si halali kwa anayejua kunyamaza.

Angalia lile swali: kwa safari au kwa nyama? Ngamia yule angefaa kwa kuchinjwa, ila hangefika Makka. Ndivyo ilivyo kwa pikapu. Gari linaloweza kuzunguka mjini Kamembe likibeba magodoro huenda lisifae hata kidogo kupanda msitu wa Nyungwe na mzigo, ambako barabara hupita juu ya mita 2,000, au kuteremka Bugarama, sehemu iliyo chini kuliko zote Rwanda, kama mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari. Kamembe iko karibu mita 1,600. Mteremko huo wote, kwa gari lililopakia, ni kazi ya breki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize safari.

Kipo kisa cha tatu, cha Umar bin al-Khattab (R.A.). Inasimuliwa kwamba alichukua farasi kwa mtu ili amjaribu, akampanda, farasi akaumia. Akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa. Wakaenda kwa Shurayh awahukumu. Hukumu yake ilikuwa kwamba Umar ama amchukue aliyemnunua, ama amrudishe kama alivyompokea. Khalifa akaikubali hukumu iliyokuwa dhidi yake, na akamteua Shurayh kuwa kadhi wa Kufa. Hapa mnunuzi naye anafundishwa: ukiomba funguo uende kujaribu gari mlimani, una amana mkononi. Ukilivunja, huwezi kulirudisha ukasema halikukupendeza.

"Nauza kama lilivyo"

Kuna neno linalopendwa sana na wauzaji: nauza kama lilivyo. Watu wa zamani nao walikuwa nalo. Katika Muwatta ya Imam Malik imesimuliwa kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba hahusiki na kasoro yoyote. Mnunuzi akagundua maradhi, wakafika mbele ya Khalifa Uthman (R.A.). Uthman akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua maradhi yale. Ibn Umar hakutaka kuapa, akamrudisha kwake. Akapona, kisha akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Dunia imeachana na biashara ya watumwa, na alhamdulillah kwa hilo, lakini sheria ya mauzo iliyomo ndani ya hukumu hiyo haijafutika. Kusema "kama lilivyo" kunaweza kumwokoa muuzaji na kasoro asiyoijua. Ile anayoijua inabaki shingoni mwake.

Mukhtasibu na daftari la dalali

Baadaye miji ya Kiislamu ilipokua, kazi ile ya kuingiza mkono ndani ya lundo ikapewa ofisi. Ofisi hiyo iliitwa hisba, na mwenye kuisimamia mukhtasibu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliieleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Al-Shayzari wa Sham katika karne ya 12, na Ibn al-Ukhuwwa wa Misri aliyefariki mwaka 1329, waliandika vitabu vizima vya kumwongoza mukhtasibu namna ya kukagua mizani, mikate, maziwa, dawa na waganga wa wanyama.

Ndani ya kitabu cha al-Shayzari kuna mlango wa madalali, ukiwamo udalali wa wanyama wa kupanda. Dalali hatakiwi kuuza mnyama mpaka amjue muuzaji au aletewe anayemjua, na aandike jina lake katika daftari, kwa kuchelea kwamba mnyama ana kasoro au ameibwa. Ndugu zangu, hili ni daftari la usajili, karne nyingi kabla ya kadi ya njano tunayoiita karite jone. Hofu zilikuwa mbili, na hadi leo ni zilezile mbili: kasoro na wizi.

Waislamu wa Rwanda na usukani

Sasa turudi nyumbani. Uislamu uliingia Rwanda wakati wa Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na wafanyabiashara, askari na makarani waliotoka upande wa Tanganyika na pwani wakizungumza Kiswahili. Msikiti wa al-Fat'h wa Nyamirambo, Kigali, ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji waliposhika nchi tangu 1916, Waislamu waliwekwa katika mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili, na mienendo yao ikasimamiwa kwa vibali. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, na nafasi za utawala ziliwafuata waliosoma huko.

Mwanahistoria José Kagabo, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Uislamu na "Waswahili" wa Rwanda, ameyaeleza maisha hayo. Milango hiyo ilipofungwa, Waislamu wengi waliingia katika biashara ndogo, ushonaji, udereva na ufundi wa magari. Hata baada ya uhuru wa 1962, na hata baada ya jumuiya yetu kutambuliwa rasmi mwaka 1964 kwa jina la AMUR, picha ya Mwislamu machoni mwa wengi ilikuwa ni dereva, fundi au mchuuzi.

Kazi hizo zilidharauliwa, lakini zilikuwa na amana kubwa ndani yake. Mfanyabiashara wa Kamembe alimkabidhi dereva mali yake yote ipite Nyungwe usiku. Mkulima alimwamini fundi aliyemwambia breki ni nzima. Jina la jamii nzima lilibebwa na neno la fundi mmoja. Kwa hivyo fundi wa Kiislamu anayepokea bahasha kutoka kwa dalali ili aseme gari ni zima, anaharibu kitu ambacho babu zake walikijenga kwa shida. Yeye ndiye Wathila wa leo, ila amekubali kunyamaza.

Magari yalivyotufikia, na kwa nini upande wa usukani una maana

Ubelgiji ilituachia kuendesha kulia, sawa na Kongo na Burundi. Tanganyika, Uganda na Kenya, zilizokuwa chini ya Waingereza, zinaendesha kushoto. Wazee wanazikumbuka Peugeot 404 zenye turubai nyuma. Kisha zikaja Toyota, na Hilux, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, ikawa ndiyo pikapu yenyewe.

Japani ina sheria kali ya ukaguzi tangu 1951. Gari jipya dogo la kawaida hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama zake ni kubwa. Ni sababu mojawapo ya Mjapani kuliuza gari lake mapema, nalo likapanda meli. Lakini Wajapani huendesha kushoto, usukani uko kulia. Magari hayo yalifaa moja kwa moja Mombasa na Dar es Salaam, na mengi yakatufikia sisi pia kupitia huko. Mwaka 2005 serikali ya Rwanda ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia. Ndipo kazi ya kuhamisha usukani ikawa na soko.

Usukani uliohamishwa vizuri unaweza kudumu. Uliohamishwa vibaya unaweza kukatika kwenye kona. Ukitaka kujua, tazama kama dashibodi imekatwa na kuunganishwa, kama kuna mahali pamechomelewa kwenye mhimili wa usukani, na kama wepa zinafuta vizuri upande wa dereva. Usiku, washa taa za chini mbele ya ukuta. Taa zilizotengenezwa kwa nchi za kushoto huinua mwanga upande wa kushoto, na kwetu huku humpiga machoni anayekuja.

Tusisahau pia kwamba tunaishi mpakani. Mwaka 1994, katika msiba ulioangamiza watu wetu, magari mengi yalivuka Ruzizi kuelekea Bukavu pamoja na waliokuwa wakikimbia, yakiwamo yaliyoporwa, na nyaraka nyingi zikapotea. Hata leo mtu anaweza kuletewa pikapu ya bei rahisi kutoka ng'ambo ya mto. Bei rahisi ina sababu. Kama ushuru wa forodha haujalipwa, au mwenyewe halisi hajulikani, unachonunua ni kesi. Na mali iliyoporwa haiwi halali kwa kuuzwa mara kumi.

Kontroli tekiniki

Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima wa magari makuukuu mwaka 1960, kwanza kwa yaliyotimiza miaka 10, na kufikia 1967 umri huo ulishushwa hadi miaka 3. Leo mtu aliye huko anaweza kusoma historia ya ukaguzi wa gari kwenye intaneti kwa kutumia namba yake ya usajili tu. Kenya nayo haipokei gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8.

Kwetu Rwanda, usalama wa barabarani ulipangwa kwa sheria ya mwaka 1987, kisha kwa Amri ya Rais namba 85/01 ya tarehe 2/9/2002. Polisi ya Taifa, iliyoundwa mwaka 2000, ndiyo iliyopewa kazi ya kukagua, na kituo chake cha Remera mjini Kigali kikawa na mashine za kupima breki, taa, mwelekeo wa magurudumu na shokamzoba. Baadaye vikafuata vituo vya Huye, Musanze na Rwamagana, pamoja na mashine ya kuhamishwa inayopelekwa mikoani. Gari la binafsi hukaguliwa kila mwaka, na la biashara ya abiria au mizigo kila miezi 6. Mwaka 2025 kikaongezwa kipimo cha lazima cha moshi, jambo ambalo mwenye dizeli ya zamani hapaswi kulipuuza.

Kwa mtu wa Rusizi, safari ya kwenda kukagua ilikuwa ni kuvuka Nyungwe na kurudi, na mafuta, na siku nzima ya kazi. Si ajabu wengine walichelewesha. Lakini ndiyo maana mwenye pikapu hapa kwetu aliyeipeleka kila mara bila kukosa ametuambia jambo kubwa kuhusu namna alivyoitunza.

Isnadi ya gari

Wanafunzi wa madrasa wanajua kwamba hadithi haikubaliwi kwa maneno matamu tu. Tunauliza: nani kapokea kutoka kwa nani? Mnyororo umeungana au umekatika? Na je, wapokezi ni waaminifu? Lifanyie gari vivyo hivyo.

1. Linganisha namba. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, ambayo kwenye Hilux nyingi iko upande wa mbele kulia karibu na gurudumu, iwe sawa na ya kadi ya njano. Ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa, salimia uondoke.

2. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama ni la mwingine, aje mwenyewe au ilete wakala wa maandishi. Komisiyoneri si mwenye mali.

3. Omba vyeti vya ukaguzi vya nyuma, si cha mwisho peke yake. Vipange kwa tarehe. Ukiona pengo la mwaka mzima, uliza gari lilikuwa wapi: lilipata ajali, lilisimama gereji, au lilikuwa ng'ambo? Kama kilomita zimeandikwa popote, kwenye karatasi za gereji au za bima, zipange nazo. Kilomita hazirudi nyuma ila kwa mkono wa mtu.

4. Uliza lilikataliwa kwa sababu gani. Kukataliwa si aibu. Gari lililokataliwa kwa breki, likatengenezwa na kurudi kupita, lina historia safi kuliko lisilojulikana lilipitaje.

5. Ingia chini yake na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Tazama kama chesisi imepinda au imechomelewa, kama springi zimeongezwa bamba. Hayo ni maandishi ya mizigo iliyozidi, na hayadanganyi.

6. Uliza faini na kodi. Faini za zile kamera tunazoziita Sofia hufuata namba ya gari.

7. Mkiafikiana, lipelekeni kukaguliwa upya pamoja kabla fedha kumalizika kulipwa. Kubalianeni mapema nani atalipia na nini kitafanyika likishindwa.

Hapa lazima tuseme ukweli: cheti ni ushahidi wa siku moja. Husikika mtu akiazima matairi mazuri kwa ajili ya ukaguzi, akayarudisha jioni. Kwa hiyo cheti kimoja ni mpokezi mmoja, na nguvu iko kwenye mnyororo. Mwenye vyeti vya miaka 5 mfululizo hawezi kuwa ameazima matairi miaka 5.

Nanyi wanafunzi, msikae pembeni. Karatasi hizi zimeandikwa Kifaransa, Kiingereza au Kinyarwanda, na mzee wako huenda asizisome zote. Kijana anayekaa na baba yake nusu saa akasoma tarehe na namba anaweza kuiokolea familia akiba ya miaka kumi, na pengine roho za watu.

Mwisho wa biashara

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah (S.W.) ametuamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, na kushuhudisha tunapouziana. Basi hata muuzaji akiwa shemeji yako, hata akiwa jirani wa safu moja msikitini, andikeni. Tajeni bei, kilicholipwa na kilichobaki, na kasoro zilizobainishwa. Nendeni kwa noteri, na jina libadilishwe mapema. Kuandika si kumtuhumu ndugu yako. Kunamlinda yeye na shetani, na kunakulinda wewe na majuto.

Na wewe unayeuza, usiogope kusema breki za nyuma zimechoka. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam (R.A.) kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka hufutwa. Huenda ukapunguza bei kidogo. Lakini pikapu ile itaondoka na watoto wa mtu nyuma, itapita mbele ya duka lako, itateremka mlima wa Bugarama. Utakapoiona ikipita, utataka moyo wako utulie.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie riziki ya halali, atufanye wakweli katika kuuza na kununua, awalinde madereva na wasafiri wetu katika barabara zote, na awarehemu waliotutangulia. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.